Krediti Zimepokelewa, Lakini Zimeingia Kapu Gani?

Mwanafunzi anayehama kutoka chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili chenye ada nafuu, kwenda chuo kikuu huku Marekani hupata majibu mawili, ingawa wengi husoma moja tu. La kwanza ni barua inayotaja idadi: krediti zako 54 zimepokelewa. Hiyo ndiyo inayopigwa picha na kutumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na shangazi aliyeko Morogoro anajibu kwa dua. La pili ni ukurasa wa ukaguzi wa shahada, uliomo ndani ya akaunti ya mwanafunzi, unaoonyesha kila krediti imewekwa wapi. Ukurasa huo haumshangilii mtu. Wengi huufungua kwa mara ya kwanza wakiwa mwaka wa tatu, pale wanapojiuliza kwa nini bado wamebakiwa na mihula mingi kuliko walivyohesabu.

Tofauti iko kwenye vitenzi viwili. Krediti kupokelewa maana yake ni kwamba chuo kipya kinakubali kuwa uliisoma kozi ile, mahali panapotambulika, ukafaulu. Krediti kutumika maana yake ni kwamba kozi ile imejaza sharti fulani la shahada unayoitaka. Krediti inaweza kupokelewa bila kutumika kabisa, na hapo ndipo muda na fedha za watu wetu hupotelea. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu ya kazi waliyokwisha kuifanya.

Nitaeleza jinsi hesabu hii inavyokwenda, nikitumia jimbo la Texas. Nimelichagua kwa sababu lina Waswahili wengi, kuanzia Wakenya wa Dallas hadi Wakongo wa Houston waliopitia kambi za wakimbizi, na kwa sababu sheria zake za uhamisho zimeandikwa wazi kiasi kwamba mtu anaweza kuzishika mkononi na kudai haki yake.

Tuanze na shahada yenyewe. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 kwa vyuo vinavyofuata semista. Krediti moja ni takriban saa moja ya darasani kwa wiki katika muhula wa wiki 15 hivi, pamoja na angalau saa mbili za kujisomea nje ya darasa. Kozi ya kawaida ina krediti tatu. Sayansi yenye maabara huwa nne. Ndiyo maana watu huku husema "nina saa 54" wakimaanisha krediti.

Krediti hizo 120 si gunia moja la kujaza kwa chochote kinachopatikana. Ni makapu matatu. La kwanza ni elimu ya jumla: kuandika, hisabati, sayansi, historia, siasa, sanaa, yale ambayo kila mhitimu anapaswa kuyapitia, awe mhasibu au mwanabiolojia. La pili ni fani yenyewe pamoja na kozi tangulizi zake. La tatu ni kozi za hiari, yaani nafasi inayobaki baada ya makapu mawili ya kwanza kujaa, ili jumla ifike 120. Kwa aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi mpangilio huu unashangaza kidogo, maana kwetu mtu anaingia chuo kusomea sheria na anasoma sheria tangu wiki ya kwanza, ukiacha kozi chache za pamoja kama stadi za mawasiliano na maarifa ya maendeleo.

Mpangilio huu una historia. Charles William Eliot, aliyekuwa rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, alivunja mtaala wa zamani ambao wanafunzi wote walisoma mambo yale yale, akawapa uhuru mkubwa wa kujichagulia. Aliyemfuata, Lowell, akaona uhuru umezidi, akadai kila mwanafunzi azame kwenye fani moja na pia agawanye masomo mengine katika maeneo mbalimbali. Hayo makapu matatu ni suluhu ya mvutano ule. Kipimo cha saa nacho kilienea mwanzoni mwa karne ya 20 kwa njia ambayo wengi hawaitarajii: taasisi ya Carnegie, iliyoanzishwa mwaka 1905 kulipa pensheni za maprofesa, ilivitaka vyuo vinavyotaka pensheni hizo vipime masomo ya sekondari ya waombaji wao kwa kipimo kimoja cha muda. Tangu hapo elimu ya Marekani inahesabiwa kwa saa, na kinachohesabiwa kinaweza kubebwa kutoka chuo kimoja hadi kingine. Bila kipimo hicho mwanafunzi wa chuo cha jamii asingekuwa na cha kuhama nacho.

Sasa Texas. Kapu la elimu ya jumla katika vyuo vyote vya umma vya jimbo hilo lina krediti 42, na limegawanywa hivi: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi za viumbe na za maumbile 6, lugha, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, sayansi ya jamii na tabia 3, na mwisho eneo la krediti 6 ambalo kila chuo hujipangia chenyewe. Hilo la mwisho likumbuke, litarudi. Historia na siasa zimewekwa na sheria ya jimbo: huwezi kuhitimu chuo cha umma Texas bila krediti sita za historia ya Marekani na sita zinazogusa katiba ya Marekani na ya Texas. Ndiyo maana hata ukija na shahada nzima ya historia kutoka Makerere, huku utakaa darasani usome gavana wa Texas ana mamlaka gani.

Jambo jema ni kwamba kozi za ngazi ya chini, yaani za miaka miwili ya kwanza, zina namba za pamoja kwa jimbo zima. Ukishazielewa hutahitaji kubahatisha. Chukua ENGL 1301. Tarakimu ya kwanza, 1, ni mwaka wa kwanza. Ya pili, 3, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho zinaitambulisha kozi. Kwa hiyo BIOL 2401 ni kozi ya biolojia ya mwaka wa pili yenye krediti nne, na chuo kingine cha umma kikiona namba hiyo kinajua ni anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza. Namba zikilingana, kozi inapata mwenzake. Zisipolingana, kozi hupewa alama ya jumla tu, mara nyingi jina la idara likifuatwa na herufi badala ya namba. Maana yake: tumeipokea, lakini hatuna kozi ya kuifananisha nayo. Krediti za namna hiyo huteremka moja kwa moja hadi kapu la hiari.

Nimtunge mwanafunzi ili hesabu ionekane. Tumwite Neema. Alianza chuo cha jamii akitaka uuguzi, kama wengi wetu wanavyoshauriwa na ndugu waliotangulia, kwa sababu kazi ya uuguzi ipo na inalipa. Baada ya mihula kadhaa akagundua moyo wake uko kwenye uhasibu. Akahama na krediti 63 kwenye transkripti, yaani hati ya kozi na alama zake.

Sita kati ya hizo ni za Kiingereza cha wageni, kozi za maandalizi. Hazikupokelewa. Zina krediti kwenye karatasi ya chuo alichotoka, na alizilipia, lakini hazihesabiki kwenye shahada. Tatu ni za istilahi za kitabibu, HITT 1305, kozi iliyo kwenye orodha ya jimbo ya mafunzo ya kazi na si kwenye orodha ya kozi za kitaaluma. Hiyo nayo haikupokelewa. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: chuo cha jamii kimoja kinafundisha kozi za aina mbili, kwenye majengo yale yale, na mwanafunzi anayelipa dirishani haoni tofauti. Ndiyo sababu shahada ya miaka miwili iliyokusudiwa kumpeleka mtu kazini moja kwa moja, ile yenye neno "tumizi" (Applied) kwenye jina lake, hupoteza krediti nyingi ikipelekwa chuo kikuu, wakati ile ya sanaa au ya sayansi imejengwa kwa ajili ya kuhama.

Zikabaki 54. Ndizo zilizotajwa kwenye barua.

Shahada ya uhasibu aliyoingia Neema, tuseme, inagawanywa hivi: elimu ya jumla 42, fani na masomo ya biashara 69, hiari 9. Tazama hilo kapu la hiari lilivyo dogo. Fani za biashara, uhandisi na uuguzi ndivyo zilivyo: zinakula nafasi kubwa na kuacha kijikapu cha kozi tatu. Angekwenda historia au sosholojia pengine angekuta hiari ya krediti 30 au zaidi, na kila alichobeba kingepata pa kukaa.

Elimu ya jumla yake ilijaa krediti 36. Kiingereza cha uandishi kozi mbili, takwimu, maadili, sanaa, serikali mbili, saikolojia, kuzungumza mbele ya hadhira, na anatomia mbili zilizojaza sayansi. Anatomia hizo zina krediti nane na kapu linataka sita, hivyo mbili zilimwagika. Historia alikuwa amesoma moja tu, HIST 1301. Kozi ya kompyuta za biashara ilijaza krediti tatu za fani. Zikabaki krediti 15: mbili za anatomia, nne za mikrobiolojia, tatu za saikolojia ya ukuaji, tatu za lishe, na tatu za EDUC 1300, ile kozi ya stadi za kujifunza ambayo vyuo vya jamii huwapa wanafunzi wapya. Zote kumi na tano zikasukumwa kwenye kapu la hiari lenye nafasi tisa.

Sita zikabaki nje. Zimepokelewa, zinaonekana kwenye ukurasa, hazifanyi kazi yoyote. Krediti 54 za kwenye barua ni krediti 48 za kwenye shahada, na safari iliyobaki ni 72, si 66.

Ona kwamba hakuna aliyemdanganya Neema. Chuo kilisema kimepokea 54 na kweli kimepokea. Krediti zile zile, angebaki kwenye uuguzi, zingekuwa dhahabu: anatomia, mikrobiolojia, lishe na saikolojia ya ukuaji ni kozi tangulizi ambazo programu nyingi za uuguzi hudai. Thamani ya krediti haimo ndani ya krediti yenyewe. Imo kwenye shahada inayoipokea. Kwa hiyo anayekuambia "soma chochote, zote zitahama" amekuambia kweli nusu, na nusu hiyo inaweza kukugharimu mwaka.

Lakini kwenye hesabu ya Neema kuna kitu kinachoniuma zaidi ya hizo sita. Kwenye chuo alichotoka, EDUC 1300 ilikuwa imewekwa ndani ya elimu ya jumla, katika lile eneo la krediti sita ambalo kila chuo hujipangia. Kwa hesabu ya chuo kile, Neema alikuwa na 39 kati ya 42. Alibakiza kozi moja tu, HIST 1302.

Sheria ya Texas inasema hivi: mwanafunzi aliyemaliza krediti zote 42 katika chuo kimoja cha umma anahama nazo kama furushi moja. Chuo cha umma kinachompokea hakifungui furushi kuangalia kozi moja moja. Elimu yake ya jumla imekwisha, basi. Asiyemaliza hupewa krediti kwa kila kozi ya elimu ya jumla aliyoifaulu, ila chuo kipya kina ruhusa ya kumdai masharti zaidi ya mtaala wake chenyewe. Na kwa kuwa lile eneo la krediti sita linatofautiana chuo hadi chuo, ndipo mtathmini wa krediti wa chuo kipya alipoitazama EDUC 1300, asiione kwenye orodha ya chuo chake, akaitupa kwenye hiari. Kozi moja ya historia ingemfungia Neema furushi lake. Ukiwa na 36 au 39 na unafikiria kuhama Januari, kaa muhula mmoja zaidi kama hali inaruhusu. Hakikisha na transkripti inasema kwamba elimu ya jumla imekamilika, maana neno hilo lisipoandikwa, anayesoma transkripti upande wa pili hana cha kutegemea.

Neema bado ana la kufanya. Transkripti za vyuo vya umma vya Texas hutumia alama za tarakimu kwa maeneo ya elimu ya jumla: 010 kwa mawasiliano, 020 kwa hisabati, na kuendelea hadi 090 kwa eneo la kila chuo kujipangia. EDUC 1300 yake ikiwa na alama 090, anayo hoja ya maandishi: kozi hii niliisoma kama elimu ya jumla, nami naomba ihesabiwe hivyo. Ombi hilo likikubaliwa, elimu yake ya jumla inapanda hadi 39, kapu la hiari linapata nafuu, na zilizobaki nje zinashuka kutoka sita hadi tatu. Karatasi moja imeokoa kozi nzima.

Chuo cha umma kikikataa kabisa kozi ya ngazi ya chini, mwanafunzi anapaswa kupewa taarifa ya maandishi yenye sababu, na chuo alichotoka pia. Vyuo viwili na mwanafunzi hujaribu kuelewana, na ikipita siku 45 bila suluhu suala hupelekwa kwa kamishna wa elimu ya juu wa jimbo. Watu wetu hawautumii utaratibu huu. Tumelelewa kuiheshimu ofisi ya msajili kama ofisi ya mkuu wa wilaya: ikishatamka, imetamka. Huku mtathmini ni mfanyakazi mwenye transkripti mamia mezani, anafanya kazi kwa majedwali, na kozi ambayo haimo kwenye jedwali huiweka panapompa usumbufu mdogo. Kumwandikia kwa adabu ukiambatanisha silabasi si ukaidi. Ndivyo kazi yake inavyotarajiwa kwenda. Kwa hiyo tunza silabasi ya kila kozi uliyosoma, yenye jina la kitabu, mada za kila wiki na saa za maabara. Ukiikosa, iombe idara kabla hujaondoka, maana walimu wa muda huhama na nyaraka zao.

Kuna upande mwingine wa kapu la hiari ambao hauzungumzwi, nao ni madhara ya krediti zilizopokelewa zisizotumika. Mtu hudhani hata zisiposaidia hazidhuru. Kanuni za msaada wa fedha wa serikali kuu zinamtaka mwanafunzi amalize shahada kabla ya kuvuka asilimia 150 ya urefu wake, yaani krediti 180 za kozi alizojiandikisha, afaulu asifaulu, kwa shahada ya 120. Krediti za uhamisho zilizopokelewa huhesabiwa humo. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ambayo wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu wanastahili kuiomba sawa na raia, ina ukomo wa semista 12 za muda kamili katika maisha ya mtu. Kila muhula wa kozi iliyokosa kapu ni muhula wa Pell uliokwenda. Juu ya hayo, Texas inaruhusu chuo cha umma kumtoza ada ya juu, ya kiwango cha mtu wa nje ya jimbo, mkaazi aliyezidisha krediti 30 juu ya zile shahada yake inazodai. Nimeona watu wakijivunia transkripti yenye krediti 140 bila shahada. Wanastahili pongezi kwa juhudi, lakini mtu wao wa karibu anapaswa kuwaambia mapema kwamba mlango unafungwa taratibu.

Ngazi ya kozi nayo ina sharti lake. Karibu kozi zote za chuo cha jamii ni za ngazi ya chini, na shahada nyingi hudai karibu krediti 36 au zaidi za ngazi ya juu. Chuo kikuu cha umma Texas hakilazimiki kupokea zaidi ya krediti 66 za ngazi ya chini. SACSCOC, shirika la ithibati la vyuo vya kusini, hutaka angalau robo ya krediti za shahada zipatikane kwenye chuo kinachoitoa, yaani 30 kwa shahada ya 120. Ukiviweka pamoja viwango hivi utaona kwamba kubaki chuo cha jamii kwa kuwa ni nafuu, ukirundika krediti 80 au 90, hakukufikishi mbali zaidi ya aliyeondoka na 60 zilizopangwa vizuri.

Hisabati inastahili neno lake peke yake. Kapu la elimu ya jumla linataka krediti tatu tu za hisabati, na hisabati ya maisha ya kila siku, MATH 1332, inatosha. Aljebra ya chuo, MATH 1314, inatosha. Takwimu, MATH 1342, inatosha. Lakini mhandisi mtarajiwa anahitaji kalkulasi, MATH 2413, na kufika huko kuna ngazi za kupanda. Aliyechukua MATH 1332 kwa kuwa ni nyepesi amejaza elimu ya jumla, na kwenye fani hajasogea hata hatua. Kemia ndivyo ilivyo: CHEM 1405 ni ya wasio wanasayansi, CHEM 1411 ndiyo inayohesabika kwa daktari na mfamasia wa kesho. Ukiijua fani yako, chagua kozi inayojaza makapu mawili kwa mpigo. Krediti zake hazihesabiwi mara mbili, lakini masharti mawili yanafutwa kwa kozi moja. Usipoijua bado, chukua ile ngumu kidogo inayofungua milango mingi.

Hayo yote ni ya vyuo vya umma vya Texas. Vyuo binafsi, kama Baylor au Rice, havifungwi na furushi la krediti 42, kila kimoja kina makubaliano yake. Majimbo mengine yana taratibu zao: California ina tovuti ya ASSIST inayoonyesha kozi ya chuo hiki inalingana na ipi ya chuo kile, Florida ina namba za pamoja na elimu ya jumla ya krediti 36, na Minnesota, waliko Wakenya wengi, ina mtaala wa uhamisho wa krediti 40 katika maeneo kumi. Ukivuka mpaka wa jimbo, furushi linafunguliwa. Na vyuo vya jamii vya Washington vinakwenda kwa robo mwaka: krediti moja yao ni theluthi mbili ya krediti ya semista, hivyo 90 zao ni 60 za kwingine. Hapo hakuna aliyekuibia, ni kipimo tu kimebadilika.

Kipimo kinabadilika zaidi kwa aliyesoma nyumbani. Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu krediti moja kwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo huwa na krediti 120. Huku mwaka ni krediti 30. Kwa hiyo kozi yako ya krediti 12 inafanana na kozi ya tatu ya Marekani, na anayetarajia kuingia na krediti 240 za miaka miwili ataumia bure. Vyuo vingi vitakutaka upitie kampuni ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni zinazotathmini vyeti vya nje, WES ikiwa mojawapo. Lipia tathmini ya kozi moja moja, si ile fupi inayosema tu kwamba una elimu ya kiwango fulani. Ile fupi haina cha kuweka kwenye kapu lolote. Hata hiyo ndefu huwa na tabia ya kumwaga kozi zako kwenye hiari, hadi uonyeshe silabasi. Maarifa ya maendeleo uliyosoma Mlimani yanaweza kujengewa hoja kama sayansi ya jamii. Hoja hiyo haitajijenga yenyewe.

Na Kiswahili chako? ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ina mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili, na baadhi ya vyuo hutoa krediti za lugha kwa matokeo yake. Vingine humnyima aliyesoma shule kwa lugha hiyo. Uliza kabla ya kulipia. Fani zinazodai lugha ya kigeni hadi ngazi ya pili au ya nne zinaweza kukuokolea krediti nyingi hapo, na inasikitisha kuona mtoto wa Tanga akihangaika na Kihispania cha kwanza wakati lugha yake inahesabika.

Mshauri wa masomo atakuuliza una swali gani. Usimuulize kama krediti zitahamia. Muulize kozi hii itaingia kapu gani katika shahada hii, kwenye katalogi ya mwaka huu, na mwombe akujibu kwa baruapepe. Vyuo vingi vina ukaguzi wa shahada wa majaribio unaoweza kuonyesha krediti zako zingekaaje kama ungebadilisha fani. Muulize hilo kabla hujajaza fomu ya kubadilisha.

Neema sasa anataka kusoma HIST 1302 wakati wa kiangazi kwenye chuo chake cha zamani, ambako ada ni ndogo. Anaweza: bado yuko mbali na ukomo wa 66. Ila aombe kibali cha chuo kikuu kwa maandishi kwanza, kikitaja namba ya kozi na kapu itakakoingia, ndipo alipe. Akifaulu kwa C au zaidi na transkripti ikatumwa, na lile ombi la EDUC 1300 likiwa limekubaliwa, elimu yake ya jumla itasoma 42. Krediti zinazotumika zitakuwa 54. Zilizobaki zitakuwa 66, na zote ni za uhasibu na biashara. Kozi ya lishe itaendelea kuonekana chini kabisa ya ukurasa, krediti tatu, imepokelewa.